Makaa ya Magunzi na Maji ya Jinzi

Januari ile ya 2008 kila mtu mtaani Kawangware alidai ushahidi wa nani ameshinda uchaguzi, na hakuna aliyekuwa nao. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya ghasia, bomba la ploti yetu ya vyumba vya kupanga, upande wa mtaa unaoitwa Kongo, limekauka, na mimi, mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa mwisho, nilikuwa nimeuficha mradi wangu wa kuhitimu chini ya kitanda: mkebe wa makaa na mtungi wa lita ishirini wa maji ya buluu.

Maji niliyapata kabla ya uchaguzi kwa mafundi wa Soko la Toi wanaotia rangi upya jinzi za mitumba. Sasa soko lilikuwa limechomwa likawa majivu, mengine nisingepata. Makaa niliyachoma mwenyewe kwa magunzi ya mahindi, ndani ya mkebe uliofunikwa ili yaive bila kuwaka, kisha nikayaloweka kwenye tindikali na kuyaosha. Siku nilipojaribu kuongeza mengine, moshi ulinisaliti. Mwenye ploti alikuja na panga.

"Hiyo ni bomu ya chama gani?"

"Si bomu, mzee. Ni makaa ya kusafisha maji ya viwandani."

"Kiwanda iko wapi hapa?"

Swali zuri. Jirani yangu, mama wa Kitui aliyekulia kwenye matanuri ya makaa, akachukua kipande, akakigonga kwa ukucha, akakirudisha. "Hii hailii kama makaa mazuri. Hata chai haitachemsha."

Ili ninusurike, nilikata chupa, nikaweka kitambaa na makaa kidogo, nikamimina maji ya jinzi juu. Chini yakatoka maangavu kama ya mvua. Panga likashuka. Mzee akatazama maji, akatazama tangi lake tupu, nikaona imani ikizaliwa.

"Kijana, kesho tunachota mtoni. Watu wako na kiu, watanunua."

Nikamweleza kwamba makaa yameshika rangi tu. Sumu nyingine sijapima. Akasema wasomi ndio wameharibu nchi: hata kura watu wameona kwa macho, na bado wanabisha.

Ikabaki njia moja ya kumwonyesha. Makaa yana vitundu vidogo. Vikijaa, rangi hupita. Nikaweka makaa yote na kumimina kikombe baada ya kikombe, bila kipimo wala daftari, mradi wangu wa miezi saba ukiisha mbele ya wapangaji. Mtungi ulipokaribia kwisha, maji yakaanza kutoka na ubuluu, halafu buluu kabisa.

"Umeona, mzee? Yamechoka."

Akafikiri. "Basi tutauza yale ya mwanzo."

Mama wa Kitui akachota kikombe katika yale ya mwanzo, akampelekea kwa mikono miwili. "Baba, tangulia. Wewe ndiye mwenye ploti."

Alikipokea, akakinusa. Kisha akakumbuka kwamba daktari amemkataza maji baridi, akaondoka, na habari za mtoni hazikusikika tena.

Chuo kilipofunguliwa, msimamizi wangu aliuliza sampuli ziko wapi.

Nikamwambia zilitumika. Nilirudia mwaka.