Chupa za Sikukuu ya Mtakatifu Martino

Majani yakianza kupukutika, mpishi mstaafu wa shule ya chekechea hulowesha chupa tupu za jemu kwenye beseni, azifanye taa za mishumaa ambazo watoto hubeba wakiimba mitaani jioni ya Mtakatifu Martino. Karatasi zake huzikwangua kwa ukucha wa dole gumba, taratibu, kama anayemsafisha mtoto masikio. Kisha hubandika majani mekundu kwa gundi, huzungusha waya shingoni mara tatu uwe mpini, na kila chupa huivuta kwanza aone kama mpini utashika.

“Mama, si shuleni wamekataza mishumaa?” Gudrun, jirani wa ghorofa ya juu, alimuuliza mwaka huu. “Watoto sasa wanabeba taa za betri.”

“Nimesikia. Utadhani niliwahi kumuunguza mtu!”

Jioni ya sikukuu aliwasha mishumaa ndani ya chupa zote ishirini, akazipanga kwenye ngazi za mlangoni, akasimama na shali yake kungoja walau mtoto mmoja achukue. Msafara wa watoto ukapita ukiimba. Msichana mmoja akasita.

“Bibi, hizi za nani?”

“Zenu, mwanangu.”

“Twende, tunaachwa!” Mwalimu akamvuta mkono.

Wimbo ukapotelea konani. Mpishi akaendelea kuuimba peke yake, kwa sauti ya chini, beti zote.

Gudrun, aliyekuwa dirishani, hakuvumilia. Akashuka na ndala zake.

“Nipe moja mimi, Mama.”

Mpishi akamchagulia kwa makini. Halafu, mbele ya jirani mwenye mvi kichwa kizima, akainama mpaka kimo cha mtoto wa miaka minne, akamnyooshea chupa.

“Shika waya, mpenzi. Kioo kina moto.”