Fungu la Tatu

Enzi zetu mtoto wa mtaa wetu wa Ng'ambo hakuwa na haja ya kununuliwa mchezo. Nyumba za udongo zilikuwa zinabomolewa kupisha majumba marefu ya Michenzani, na kila jioni, mafundi wakishaondoka, vilima vya mchanga vilikuwa vyetu. Tulicheza nage, kurushiana mpira na kuukwepa, mpaka jua likachwa, tukarudi nyumbani na mchanga masikioni, mama anatungoja mlangoni, kandambili mkononi. Chakula kilikuwa muhogo. Mchele ulikuwa wa foleni, na sukari ukiipata unaificha mgeni asiione. Wajukuu zangu nikiwasimulia hayo hucheka, kisha wakaacha wali sahanini.

Skuli tulikaa watatu watatu kwenye dawati, na Kiingereza alitusomesha Maalim Haroub, jirani yetu, mtu mwembamba aliyependa maneno kama wengine wanavyopenda halua. Kitabu chetu kilikuwa kikuukuu kilichoachwa na Waingereza, na ndani yake mlikuwa na ramani ya kwao. Sehemu moja iliandikwa North Riding. Sisi tulijua riding ni kupanda farasi, basi tukaangua kicheko: nchi gani hiyo inayopandwa kama punda?

Maalim alicheka nasi, kisha akatufahamisha. Zamani sana watu wa kaskazini, kutoka Denmark na Norway, waliivamia Uingereza, wakahamia, wakaigawa ardhi kwa lugha yao. Jimbo moja walilikata mafungu matatu, na kila fungu likaitwa thriding, yaani theluthi. Ukisema North thriding, sauti mbili zinagongana na ulimi unaimeza moja.

"Mnacheka nini?" alituuliza. "Na nyinyi si mnasema nshakula? Ile 'ime' ya nimeshakula nani kaila?"

Akatupa na neno jengine, wapentake, jina la wilaya zao ndogo. Asili yake ni kushika silaha, maana wanaume walikutana na silaha zao kuamua mambo ya nchi. Akasema hata eka yetu tumeipata kwa Waingereza, na wilaya kwa Waarabu. Mgawaji huondoka, neno likabaki. Kisha akaandika ubaoni kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake mzuri: Wageni walikuja na silaha. Waliigawa ardhi mafungu matatu. Kengele ikalia hatujamaliza kunakili. Akatuambia tusifute, tutamalizia kesho.

Alasiri chumba kile kilikuwa cha kisomo cha watu wazima. Na miaka ile baada ya Mapinduzi watu walikuwa wanagaiwa mashamba, eka tatu tatu. Baba yangu, Mzee Makame, hamali wa bandarini ambaye hajapata kumiliki hata mpera, alipewa zake juu ya Mtoni, na minazi ndani. Siku aliyotupeleka kuziona alizunguka akiipapasa minazi mmoja mmoja, na mama akalia kwa furaha. Kwa hiyo siwalaumu watu wazima wale, waliojua kusoma juzi tu, walipokaa mbele ya ubao wakasoma: wageni, silaha, ardhi, matatu. Uingereza haikuandikwa popote. Walisoma kilichokuwepo, wakaona serikali yao inatukanwa, inaitwa ya wageni, wakapeleka habari kwenye tawi la chama.

Kesho yake watu wawili walikuja kwa gari. Maalim aliweka chaki, akapangusa mikono, akatuambia, "Malizieni kunakili." Akatoka nao.

Jioni mkewe, Bi Rukia, alikuja kwetu. Hakukaa kitako.

"Mzee Makame, wewe kule tawini wanakusikiliza. Nenda kawaambie lile lilikuwa somo la watoto tu."

"N'takwenda, inshallah," baba alisema.

Alipoondoka, baba aliniita nimweleze. Nilimweleza yote, Denmark na theluthi na ulimi unaomeza. Alinisikiliza kwa makini mno.

"N'kenda kuwafahamisha neno hilo," alisema, "wataniuliza mimi hamali nimelijulia wapi. Na wao ndio walonipa shamba."

"Lakini baba, Maalim hakufanya kitu."

"Najua, mwanangu."

Alivaa kofia yake akatoka. Mimi nilisimama kibarazani nikimtazama. Tawi lilikuwa mwisho wa mtaa wetu, milango wazi, watu wamekaa nje. Baba alifika kwenye duka la pembeni, akasimama, akanunua boflo, akarudi. "Nimekuta pamefungwa," alimwambia mama. Usiku ule tulikula mkate tusioutarajia.

Maalim Haroub hakuonekana tena. Bi Rukia alimngoja mpaka akazeeka. Akikutana na baba njiani alimwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo, Mzee Makame," na baba akaitikia marahaba huku anatazama viatu vyake. Nazi za shamba lile zilitusomesha sote. Baba yangu nilimchukia, baadaye nikamhurumia, na zipo siku bado namchukia.

Siku hizi kijana hajanywa chai keshamtukana mkubwa yeyote kwenye simu, kwa maneno yaliyokatwa mpaka hayana hata irabu, na usiku analala usingizi wake. Twawasema hawana adabu. Mimi nawaonea wivu. Tunajisifu kwao kwamba enzi zetu mtoto alijua kunyamaza, wala hatuwaambii kunyamaza kule tulifunzwa na nini. Idi iliyopita niliwasimulia haya, na mjukuu wangu wa kike akaacha simu yake akaniuliza:

"Kwani bibi, baba yako angekwenda kusema, wangemfanya nini?"

Nikamwambia sijui. Baba naye hakujua. Ndiyo maana hakwenda.