Barabara ya Maji Kupwa

Mume wangu ni dereva wa gari la watalii, na mtu anayeshinda nyuma ya usukani kutwa nzima haamini dereva mwingine hata mmoja. Siku niliyoleta baiskeli nyumbani aliitazama pale ukumbini ilipoegemea ukuta, akaizunguka, akaniambia, "Hii sisi watu wa magari hatuioni. Mimi mwenyewe siioni, mpaka iwe ishafika ubavuni kwangu." Halafu akaenda kuoga.

Nina duka la vitambaa Mlandege. Kazi yangu ni kukaa na kusimama, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba kila jioni. Wanawake wenzangu wa mtaani walikuwa wakitoka Jumapili kuendesha baiskeli kwenye njia za mashamba, huko ambako gari haziingii, na wakirudi mchana wamepigwa na jua, wanacheka wenyewe kwa wenyewe. Nilitaka na mimi nicheke. Safari hii walipanga kuufuata mwambao wa mashariki, kipande kwa kipande, kila Jumapili kipande chake, na walishanihesabu.

Yeye akakataa. Tukagombana ule ugomvi wa watu wazima: chai inamiminwa, salamu inaitikiwa, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mwisho akachoka yeye, maana mimi kununa naweza. Akasema, "Haya, nionyeshe hiyo njia isiyo na gari. Nitakwenda nawe mara moja. Nikiridhika, nenda na wenzako. Nisiporidhika, baiskeli nairudisha dukani kwa mikono yangu, na usije ukanikasirikia." Nikakubali. Nilikuwa nimeshaipenda ile baiskeli kuliko nilivyokuwa tayari kumwambia mtu.

Njia niliyoichagua haina gari kwa sababu si barabara, ni ufukwe. Upande wa mashariki maji yakipwa yanakimbilia mbali kule kwenye mwamba, na mchanga unaobaki unakuwa mgumu, tairi inapita bila kuzama. Kutoka Kiwengwa mpaka Matemwe, kwa shangazi yangu, unaweza kuendesha usisikie honi. Ila barabara hii ina saa zake za kufungwa. Maji yakijaa yanafika mpaka kwenye kuta za hoteli, na hoteli siku hizi zimesimama bega kwa bega, kuta zao zimeshuka mpaka mchangani. Yakikukuta katikati ya ukuta mrefu, huna pa kutokea. Na mume wangu, mtoto wa Mji Mkongwe aliyekulia hatua chache kutoka baharini, hajui kuogelea.

Kuyahesabu maji nilifundishwa na bibi yangu wa Nungwi, aliyekuwa akienda pwani kutafuta pweza. Unaanzia siku ya mwezi kuandama, siku ambayo maji hupwa sana kabla ya adhuhuri, kisha kila siku unayachelewesha kidogo, karibu saa nzima. Simu yangu inayo habari hiyo yote, najua. Lakini mtu aliyefundishwa na bibi yake hawezi kuiuliza simu maji yanapwa saa ngapi. Nina kiburi changu na sikifichi.

Tatizo ni kwamba nyumba yetu ina miezi miwili. Mume wangu anafuata mwezi ukionekana popote duniani. Mimi na watu wangu tunangoja uonekane kwetu. Tangu tuoane kuna miaka yeye anasherehekea Sikukuu, anakula biriani, na mimi niliyeipika nimefunga, namtazama. Tumezoea, tunataniana. Wiki ile nilikuwa na mzigo mpya dukani, sikusikia redio wala sikutazama mbinguni. Nilipomuuliza leo mwezi siku ngapi akasema nne, nami nikaichukua nne yake nikaihesabia maji, nikasahau kwamba yake iko mbele ya yetu kwa siku moja.

Tulipakia baiskeli juu ya gari lake, yangu na ile nyeusi ya jirani aliyoazima yeye, tukaenda Kiwengwa. Mwanzo ulikuwa mzuri hasa. Maji yalikuwa mbali, mchanga mgumu, upepo uko nyuma yetu. Yeye alianza amekunja uso, anageuka kila mara kutazama nyuma, mazoea ya barabarani. Baadaye akaacha kugeuka. Nikamsikia anapiga mluzi, na mume wangu hapigi mluzi ila akiwa na raha. Nikajisemea moyoni, nimeshashinda.

Kisha nikawaona wanawake wa mwani. Walikuwa wanatoka majini, mafurushi kichwani, kanga zimeroa mpaka kiunoni, na kwa hesabu yangu ilikuwa ndiyo kwanza wawe katikati ya kazi. Nikaona vibaya, lakini nikaendelea kukanyaga. Tulipofika Pwani Mchangani yeye akaingia msikitini kusali adhuhuri, na mimi nikasali kwenye ukumbi wa nyumba ya jirani ya msikiti. Mwenye nyumba alikuwa ametoka kwenye mwani, anajikausha miguu. Nikamuuliza mbona wamewahi kutoka.

"Maji yanarudi, dada. Hatukuwahi, wakati wenyewe ndiyo huu."

"Si leo nne?"

"Leo tatu," akanambia. "Mwezi nimeuona kwa macho yangu, hapo nilipokuwa naanika mwani."

Mume wangu alipotoka msikitini nilimwambia palepale, bila kuzunguka, kwamba nimekosea siku na maji yako karibu kuliko nilivyopanga. Nikamwambia tutoke ndani, tushike lami mpaka Matemwe. Nilijua ninachokisema. Kushika lami kulikuwa ni kukubali kwamba njia isiyo na gari haipo, na baiskeli ilikuwa inarudi dukani. Lakini nisingeweza kumpitisha kwenye kuta zile mtu asiyejua kuogelea.

"Lami sikupeleki," akasema.

"Maji yatatukuta."

"Hayatukuti. Leo nne."

"Bahari ya Unguja inafuata mwezi wa kwetu!"

"Mwezi ni mmoja, bibie." Hakuwa anatania. "Unajua nani wanapita lami ile saa hizi? Mimi. Mimi na wenzangu, tumewachelewesha wageni uwanja wa ndege, tunapishana nafasi haipo. Nikuweke wewe pembeni pale juu ya baiskeli? Sithubutu. Twende huku huku, na twende sasa hivi."

Nilikasirika, na niliogopa, na nikapanda baiskeli. Sijui kwa nini nilipanda. Nadhani ni kwa sababu sijawahi kumuona akiogopa waziwazi namna ile, nikaona haya kumbishia.

Hoteli ya kwanza tuliipita kavu. Ya pili, mchanga ulikuwa umeanza kulainika na tairi zinazama, tukashuka tukasukuma. Nikawa natazama upande wa bahari kila hatua. Maji ya kwetu hayaji kwa kishindo. Yanapita kwenye vijito vidogo, yanazunguka nyuma yako, unageuka unakuta ulipopita hapapo. Ukuta wa hoteli ya tatu ulikuwa mrefu kuliko yote, na kwenye kona yake ya mwisho mawimbi yalikuwa yanapiga tayari. Nikageuka. Nyuma nako yalikuwa yameshafika ukutani.

"Ongeza mwendo," nikasema.

Maji yalikuwa magotini, kisha mapajani, na baiskeli ndani ya maji ni mzigo usioshikika, kila wimbi linakunyang'anya. Katikati ya ukuta palikuwa na ngazi ya wageni ya kushukia pwani, vidato vya chini bahari imeshavimomonyoa, kilichobaki kiko juu ya vichwa vyetu, na juu yake geti lenye kufuli. Askari wa hoteli alikuwa amesimama nyuma yake. Kijana tu, fulana ya kazi, redio mkononi.

"Shikamoo mzee. Hapa hapapitwi," akasema. "Wageni wa hoteli tu."

Mume wangu akaitikia marahaba. Majini vile, akaitikia.

Mimi nikampigia kelele yule askari. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, na nilimuuliza kama huyo mwenye hoteli ndiye aliyeiumba bahari. Akasema nitamfukuzisha kazi. Akasema geti hilo linatazamwa na kamera. Wimbi likaja kifuani, nikaona mkono wa mume wangu unautafuta ukuta, unapapasa, na ukuta ulikuwa laini, hauna pa kushika.

"Mwanangu," akamwambia yule askari, na sauti yake ilikuwa ya chini, sauti ya kumuomba mtu akusogezee kiti. "Mpokee huyu mama. Sisi wengine tutangoja."

Sisi wengine walikuwa ni yeye na baiskeli mbili.

Askari akatazama nyuma, akafungua kufuli. Akalala kifudifudi kwenye kidato, akanipa mkono, na mume wangu akanisukuma kutoka chini. Nikafika juu nimechunika magoti. Nikageuka nikamwambia aziache baiskeli, aziache, aje. Nilimuita kwa majina yote ninayomuita. Hakusikia au hakutaka. Aliilaza ile nyeusi ya jirani chini ya ngazi, akapanda juu yake akaifanya kidato, na yangu akainyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Mtu aliyekuwa anangoja kuirudisha dukani. Askari akaidaka kwa gurudumu. Wimbi la pili likaiondoa ile nyeusi chini ya miguu yake, akapotea mpaka kichwani.

Tulimshika kwa kola ya shati, mimi na yule askari. Tulimvuta mpaka shati likapasuka, tukamshika kwapani. Alipofika juu alikohoa maji kwa muda mrefu, kisha akanishika kifundo cha mguu na hakukiachia.

Askari alitupitisha nyuma, kwa wafua nguo, tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa kati ya mashuka yaliyoanikwa. Mume wangu alikuwa anatetemeka juani. Mimi nilikuwa nangoja. Nilishajiandaa kumwambia kwamba baiskeli airudishe, mimi mwenyewe nitamsaidia kuibeba.

"Nilidhani ni gari tu," akasema mwisho.

"Nini?"

"Nilidhani nikikuepusha na gari basi." Akajipangusa uso kwa kipande cha shati. "Nenda na wenzako. Lakini siku usinambie. Nambie ukisharudi."

"Kwa nini nisikwambie?"

"Kwa sababu nikiijua siku ntakushika mlangoni."

Nilifurahi, na palepale nikaona aibu ya kufurahi. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na nilichopewa ni kutoka nyumbani kwangu kimyakimya.

Nilikaa wiki nyingi bila kwenda. Jumapili niliyokwenda sikumwambia mtu. Nilivaa gizani baada ya alfajiri, nikaitoa baiskeli kwa kuinyanyua ili isilie. Yeye alikuwa kitandani, amefumba macho, na pumzi zake hazikuwa za mtu aliyelala. Tulipita Michamvi kwenye mchanga mgumu, hakuna gari hata moja, na nilicheka na wenzangu mpaka mbavu zikauma.

Nilirudi baada ya alasiri. Gari lake lilikuwa Mlandege, palepale linapolala, na siku ile alikuwa na wageni wa kuwapeleka Nungwi tangu asubuhi. Nilimkuta amekaa barazani kwetu, amevaa shati la kazi, funguo ziko mkononi.

"Nimerudi," nikamwambia.

"Naam," akasema. Akainuka, akanipisha mlangoni, akaenda kazini.