Majani ya Bihogo

Kama hujawahi kuona mtu mzima akiionea wivu mashine, basi hukumwona Ambroise mwaka ule Mama Aimée alipoleta ile yake kutoka Dubai.

Hoteli ya Mama Aimée imekaa juu ya kilima, upande wa Mudzipela, mjini Bunia, na parseli yake, yaani kiwanja chake, ni kubwa mno: inapanda, inashuka, inapinda nyuma ya jikoni, kisha inaporomoka kwa mteremko mkali mpaka kwenye ukuta. Ambroise aliifyeka yote kwa kupekupe, lile panga refu lenye ncha iliyopinda, tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Akimaliza chini, juu kumeota. Kila Jumamosi watu wa harusi walikuja kupigwa picha kwenye majani yale, wakayasifu, wakamsifu Mama Aimée, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza nani aliyafyeka. Ambroise hakujali, maana mshahara wake wa kweli ulikuwa majani yenyewe.

Siku anaajiriwa, Mama Aimée alimwambia mbele ya sentineli wa mlangoni, "Franga iko kidogo, papa, lakini majani yote iko yako." Ambroise akaitika papo hapo. Sentineli alicheka mpaka akakohoa: mtu gani huyu anayekubali kulipwa majani? Ni mtu anayefuga ng'ombe katikati ya mji.

Ng'ombe mwenyewe aliitwa Bihogo, jina ambalo kwao Ambroise hupewa ng'ombe mwenye rangi ya udongo mwekundu. Alikuwa wa uzao wa zizi la baba yake Ambroise kule Aveba. Zizi lile hakuna mtu wa nyumbani aliyelihesabu kwa sauti, kwa sababu kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo, ni kuwaitia mabaya. Vita vikaja, vikawahesabu. Ambroise aliingia Bunia na mke, mtoto mmoja na mtamba mmoja aliyemvuta kwa kamba, na huyo mtamba ndiye aliyemzaa Bihogo. Akamjengea banda nyuma ya nyumba, mtaa wa Simbiliabo. Kumpeleka malishoni hakuthubutu. Wachungaji waliovuka mto Shari na ng'ombe za watu, wengine walirudi na fimbo tu, na wengine hata fimbo haikurudi. Basi Bihogo alikula kilima cha Mama Aimée. Kila alasiri Ambroise alifunga mzigo wa majani marefu, mabichi, kwenye baiskeli, akashuka nao mjini huku akipiga kengele kama mtu aliyebeba mali. Na mali ilikuwa.

Tena wakati huo Bihogo alikuwa na mimba, na alikuwa amekwisha kuahidiwa. Chris, mtoto wa Ambroise, alitaka kumwoa Débora, binti wa Marcellin. Marcellin naye alikuwa mtu wa ng'ombe aliyenyang'anywa zizi zima, na alipoletewa habari ya mahari ya dola aliziba masikio.

"Nipe ng'ombe ya kusimama," alisema. "Moja tu. Mutu akipita ku lupango yangu, ku nyumba, asikie analia."

Alikuja Simbiliabo, akampapasa Bihogo mgongoni kwa muda mrefu, mkono haukutaka kuondoka. Wakakubaliana: amchukue kabla hajazaa, ndama azaliwe kwake, kisha harusi. Kwa hiyo maisha ya vijana wawili yalifungwa kwenye kamba ya ng'ombe mmoja, na kila mtu nyumbani alilijua hilo alipopita bandani.

Ndipo ile mashine ya kukata majani ikafika. Ilikuja na fundi wake, Katsuva, mtu wa Butembo, mpole, mwenye sauti ya chini kama mtu aliyetumwa kupeleka habari ya msiba.

"Papa Ambroise, kuja uone!" Mama Aimée aliita kutoka barazani. "Sasa utapumzika!"

Neno hilo, kwa mfanyakazi wa Bunia, ni baya kuliko tusi.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuwa na magurudumu manne, mgongo wa kobe, na tumboni visu vidogo vyembamba kama nyembe. Hakunywa mafuta, alinyonya umeme wa jua uliotoka juu ya paa, akishiba anatoka mwenyewe kwenda kukata, akichoka anarudi mwenyewe kulala. Alitaka kitu kimoja tu: waya wa kuzikwa ardhini kuzunguka parseli nzima, ajue mwisho wa kwake. Na nani alichimba? Ambroise alichimba. Alizunguka kilima kizima na jembe, jasho likimtiririka, akamwekea mwenzake mipaka ya shamba alilokuwa akinyang'anywa. Alipofika kwenye mteremko mkali karibu na ukuta, akasimama.

"Fundi, hapa tuiache inje," alisema. "Kobe yako itaanguka. Hapa nitafyeka na mukono."

Katsuva alimtazama, akaelewa kila kitu. "Mimi sina shida, papa. Lakini patronne alichagua ile ya kupanda mulima, juu ya hii fasi ya muteremuko."

Wakamuuliza mwenyewe. Mama Aimée hakuchukua hata muda wa kukohoa. "Apana! Pale njo babibi-harusi banasimamaka. Pelekeni waya mpaka ku ukuta."

"Na majani yangu, mama?"

"Majani iko pale pale, papa. Nani alikukatalia? Okota tu."

Ahadi ni deni, lakini wenye vilima wana namna yao ya kulipa. Ile mashine ilikata kila siku, na kila siku ilikata ncha tu, vipande vifupi kama kucha, ikaviacha vidondoke kwenye mizizi na kupotelea humo. Utaokota nini? Mwezi haukuisha, kilima kizima kikawa kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Wageni wakaacha kupiga picha maharusi, wakapiga picha mashine. Kazi ya Ambroise ikawa kutembea nyuma yake. Mvua ikinyesha inateleza, inatumbukia kwenye maua ya chini, naye anaiopoa na kupanda nayo kilima ameibeba kifuani, nayo inapiga kelele njia nzima kama vile ameiiba. Kuchunga alikujua tangu utoto. Lakini kile kitu hukiiti kikageuka, hukipigi mluzi kikasikia. Aliichukia waziwazi, na wakiwa wawili tu aliitukana kwa lugha ya kwao, matusi ambayo baba yake aliyaweka kwa ajili ya fisi.

Nyumbani, Bihogo alianza kuonyesha mbavu. Godelive, mke wa Ambroise, alizunguka soko akiomba majani ya kabichi yaliyotupwa, mashina ya migomba, matembele yaliyonyauka. Ng'ombe mwenye mimba hashibi mabaki. Chris akasema labda wamwachie mchungaji avuke naye Shari, hata kwa wiki chache.

"Bora nimuchinje mwenyewe," Ambroise akajibu, na mazungumzo yakaisha.

Kisha Marcellin akatuma salamu: Jumapili, baada ya misa, atakuja na ndugu zake kumchukua ng'ombe wao. Ambroise alikwenda bandani akamtazama Bihogo kwa macho ya Marcellin. Ng'ombe wa mahari mwenye mbavu za kuhesabika! Wangesema ukoo ule umekwisha kweli, si vita tu vilivyoumaliza.

Ijumaa ile, baada ya mvua za mfululizo, majani yalikuwa yameota kwa nguvu na mashine ilifanya kazi kutwa. Ambroise akachukua reki, akakwangua kilima chote, kupanda na kushuka, akikusanya zile ncha zilizolowa maji. Si aliambiwa aokote? Akaokota. Alizishindilia kwenye mifuko ya nailoni, akazikanyaga kwa miguu zikae nyingi, akafunga midomo kwa kamba. Jumamosi kulikuwa na harusi, na Mama Aimée hakutaka baiskeli yenye mifuko michafu ipite mbele ya wageni, kwa hiyo ile mifuko ikakaa stoo, imefungwa, mpaka alasiri wageni walipokwenda ukumbini.

Alipofungua wa kwanza nyumbani, mvuke ukampiga usoni. Akaingiza mkono: ndani kulikuwa na moto, na harufu ikapanda kama ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikiwa siku ya pili.

Godelive alikuwa amesimama kando na beseni. Yeye ni binti wa Tchomia, wa watu wa ziwa. "Iko moto, baba Chris," alisema. "Kwetu, samaki mubichi akifungwa mu mufuko vile, hata mbwa hatumupatiake."

Ambroise akacheka, kile kicheko cha mtu wa ng'ombe anapofundishwa ng'ombe na mtu wa samaki. "Bihogo haiko samaki. Weye njo utanifundisha mimi ng'ombe?"

Hapo ndipo mimi ninapokasirika naye, mashine au hakuna mashine. Mkono wake ulikuwa umekwisha kumwambia. Baba yake hakuwahi kufunga majani kwenye mfuko. Majani ya Aveba yalikuwa marefu, yamesimama, na ng'ombe aliyafuata mwenyewe. Haya mafupi, yaliyokatwakatwa kama mboga na kulala yakijipika, hakuna mzee aliyewahi kumpa neno juu yake. Ambroise hakujua, na alijua kwamba hajui, akafunika kwa kicheko. Kisha akamwaga mfuko mzima horini, na wa pili juu yake.

Bihogo alikula kwa pupa ya njaa ya wiki nyingi. Ambroise alisimama akimtazama, akafurahi kabisa, furaha ambayo hakuwa nayo tangu waya uzikwe.

Kabla jua halijazama, ubavu wa kushoto ulikuwa umeinuka. Bihogo aliacha kucheua, akawa anapiga teke tumbo lake mwenyewe. Ambroise hakuhitaji kuambiwa. Alimfunga kijiti mdomoni ili atafune na kutoa hewa, akammiminia mafuta ya mawese kooni, wakamtembeza yeye na Chris kuzunguka nyumba, mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Ubavu ukazidi, ukawa mgumu kama ngoma. Dawa ya mwisho aliijua. Alimwona baba yake akiifanya. Ni kisu, penye shimo nyuma ya mbavu, upande wa kushoto, pigo moja, hewa inatoka, ng'ombe anasimama. Kisu alikuwa nacho mkononi.

"Papa, toboa!" Chris alimlilia. "Toboa!"

"Weye unataka nipelekee bale batu ng'ombe ya kovu?"

Maana kwao ng'ombe wa mahari hatolewi na dosari. Pembe isiwe imevunjika, sikio lisiwe limechanika, na ngozi isiwe na alama ya kisu. Ukimpeleka mwenye kovu umemwambia baba wa binti kwamba binti yake ni wa bei ya makombo. Wageni wenyewe wanakuja kesho! Ambroise aliweka kisu kiunoni. "Tumutembeze tena," alisema. "Itashuka."

Wakamtembeza tena. Alipofika mlangoni pa banda, Bihogo alipiga magoti ya mbele, akalala ubavu, ulimi nje. Sasa Ambroise akatoboa. Hewa ikatoka kwa nguvu na uvundo, tumbo likashuka kama alivyofundishwa, lakini aliyekuwa ndani ya ngozi ile alikuwa amekwisha kwenda. Ndama tumboni alichezacheza chini ya mkono wake kwa muda, kisha naye akatulia. Ambroise alilia kwa sauti, mbele ya mkewe, mbele ya mtoto wake, bila kuficha uso.

Kufa kufaana: asubuhi majirani walikuja na mabeseni kuulizia nyama. Godelive aliwafukuza na ufagio.

Baada ya misa wakaja wageni, Marcellin na ndugu zake wawili, wamevaa makoti, na kamba mpya ya katani mkononi. Ambroise aliwaketisha, akawaeleza yote tangu Dubai. Alimlaumu Mama Aimée, akamlaumu Katsuva, akailaumu mashine.

"Ile mashini njo iliua ng'ombe yenu," alimaliza.

Marcellin alikuwa akiichezea ile kamba. "Alivimba ku kushoto?"

"Ndiyo."

"Na kisu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo, tangu mapema."

"Sasa juu ya nini haukumutoboa?"

"Juu ya kovu," Ambroise akasema. "Ilikuwa ng'ombe ya mahari. Nilikuwa naheshimu bino, familia yenu."

Marcellin aliikunja ile kamba, akaiweka magotini. Aliposema, hakupandisha sauti. "Ambroise, mimi niko na myaka ngapi sijalala karibu na ng'ombe? Ningemupokea na kovu. Ningemupokea hata na pembe moja. Haukuniuliza." Akasimama. "Ng'ombe njo ilikuwa neno yangu ya kuambia familia. Sasa sina. Mutoto yangu hawezi kutoka mu nyumba kuolewa juu ya masikitiko tu."

Ndugu zake wakasimama pia. Hakuna aliyegombana, hakuna aliyekataa kupeana mkono.

Chris alikuwa ameegemea ukuta, amesikia yote. Aliwasindikiza wageni mpaka barabarani, kama adabu inavyotaka. Aliporudi alimpita baba yake bila kumtazama, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo zake na kuzitia mfukoni, kama mtu anayehama. Ambroise alimwita jina. Chris akaitika, "Papa?", akasubiri, mkono uko kwenye shati.