Boriti ya Babu

Shangazi yangu hana mdomo mtamu. Ni fundi seremala, mtaa mzima unamwita Tezo, kama kile kishoka chake cha kuchongea, na ukimkera kazini anakurushia chochote alichoshika. Mwaka ule alikuwa anaifufua nyumba ya babu, ya kiunzi cha mbao na udongo, kwa njia zile zile za zamani. Msumari wa chuma alikuwa hataki hata kuuona. Kila ungio alilitoboa kwa keekee, akalipigilia kigingi cha mti. Alichokilinda zaidi ni boriti ya kati, ya mti mweusi, aliyoichonga babu mwenyewe. "Hii ikienda, mimi sina nyumba," alikuwa akisema.

Baba yangu, mdogo wake, alitaka ibomolewe ajenge ya matofali. Siku hiyo shangazi alikuwa ameng'oa nguzo iliyooza, boriti ameishikiza kwa gogo, mimi namkorogea chokaa. Baba akaingia na nyundo kubwa, macho mekundu.

"Dada, leo basi. Toka."

"Toka wewe, kabla sijakupasua!"

Wakashikana. Shangazi alimtandika ubao mgongoni. Baba akambamiza ukutani, damu ikamchuruzika puani. Nilipiga kelele, nani anisikilize? Baba akalipiga lile gogo kwa hasira zake zote. Loo, mwanamume mjinga yule! Gogo likaruka, boriti ikashuka upande mmoja, ikambana baba paja. Upande wa pili kigingi cha shangazi kilikataa kuachia, kwa hiyo haikuinuka wala haikuburuzika. Baba alilia mpaka sauti ikamkauka.

Tukainua, wapi! Shangazi akafuta damu, akachukua msumeno. Aliikata boriti ya babu huku akimporomoshea baba matusi nisiyoweza kuyarudia, machozi yakimdondokea kwenye unga wa mbao. Tulipomvuta baba nje, paa liliporomoka na kuta zake.

Baba akalazwa, mguu umevunjika. Kila mlango ulipofunguliwa aliuliza, "Ni dada?" Hakuwa yeye. Hata alipokuja hakusalimia. Alimtupia kitandani magongo mawili ya mti mweusi wa zamani, yameungwa kwa vigingi, hayana msumari hata mmoja. Baba akayapapasa, akautambua ule mti, akaangua kilio.

"Na haya yavunje," shangazi akasema, "uone kama sitakuua."

Kisha akamshika kwapani, akamwambia asimame ajaribu urefu.