Bibi Haloo na Wapangaji wa Ng'ambo

Maisha yake yote ya kazi, Bibi Haloo alilipwa kuunganisha simu za watu, kuzisikiliza alijitolea. Alikuwa opereta katika kampuni ya kusafirisha mizigo, kwenye kijichumba chenye feni iliyolia kama paka mwenye njaa. Mtu akipiga, hujibu "Haloo!" kwa sauti ya asali, akachomeka waya, kisha akasahau kwa makusudi kujitoa kwenye laini. Alijua ni meneja gani anamwogopa mkewe, na karani gani ana wachumba wawili wenye jina moja. Hakumwambia mtu. Mbea hutangaza, yeye alikuwa mlaji tu.

Ikaja mitambo inayojiunganishia simu yenyewe, akaagwa kwa keki na makofi. Akahamia kwa mwanawe, orofa ya juu kabisa katika jengo la kupanga, na huko hakukuwa na laini hata moja ya kusikiliza. Siku moja mkwewe alimkuta jikoni amebandika glasi ukutani na sikio kwenye glasi, macho ameyafumba kama mtu anayeomba dua.

"Mama, unafanya nini?"

"Nyamaza kwanza! Jirani anakaribia kukiri."

Mkwe huyo alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno machache na subira nyingi, lakini hata subira ina pale inapofumuka. Asubuhi iliyofuata alimshika mkono mama mkwe mpaka maktaba ya mtaa, akamkabidhi kwa mkutubi kama anayepeleka mtoto chekechea.

"Naomba umpe kitu cha kumshughulisha," akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Mkutubi, bwana mpole mwenye kikohozi, alimpa riwaya iliyotafsiriwa kutoka nchi ya theluji. Bibi akaipokea shingo upande. Ukurasa wa kwanza tu, mume na mke walikuwa wanagombana mezani kwa minong'ono, wageni wasisikie. Bibi akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyemkemea. Siri za ndani kabisa, laini iko wazi, na wala huna haja ya kubana pumzi!

"Kumbe!" akapayuka, wasomaji wakageuka. "Kumbe mnakaa na utamu wote huu kimya kimya!"

Tangu hapo maktaba ikamkoma. Alisikiliza wachimba makaa wa nchi za milima, wafagiaji wa barabara waliogomea mifagio mifupi, wasichana wa kiwandani waliodai kiti cha kukalia. Alikwenda kutafuta umbea, akajikuta anawakasirikia wanyonyaji kwa niaba ya watu asiowajua. Mara moja alimtukana msimamizi wa kiwanda cha kwenye karatasi mpaka mkutubi akaja kumwomba atukane polepole.

Na sasa, kwa mara ya kwanza maishani, akaanza kusimulia. Mateka wake wa kwanza alikuwa Mama Pacha, jirani wa chini, ambaye neno likiingia sikioni mwake halilali njaa. "Umesikia ya yule mwanamke aliyemhama mumewe na vyombo vyote, akamwachia kijiko kimoja?" Bibi hakusema ni kitabu. Hakuulizwa.

Siku hizo jengo zima lilikuwa na shida ya maji. Mwenye nyumba, bwana mwenye kitambi na shada la funguo kiunoni, alizima pampu atakavyo. "Imechoka, inapumzika," alisema. Lakini nyumbani kwake, hapo hapo ng'ambo ya ua, bomba halikujua kupumzika, na gari lake lilioshwa likatakata. Wapangaji walipandisha madumu huku wakimlaani ngazini, kisha wakimkuta uani wanamchekea.

Bibi Haloo akamvizia Mama Pacha ngazini.

"Wenzenu shida ya maji wameshaimaliza."

Mama Pacha akatua dumu. "Wenzetu wepi, bibi?"

"Wapangaji kama nyinyi. Mwenye nyumba wao alifunga maji. Hawakupiga kelele, hawakuvunja kitu. Waliamka, taulo begani, sabuni mkononi, wakaenda kuoga kwake. Kwa adabu kabisa! Foleni ikafika barabarani."

"Wako wapi hao?"

"Ng'ambo."

Hapo hakusema uongo. Kati yao na hao watu kulikuwa na bahari mbili. Mama Pacha yeye alielewa ng'ambo ya barabara kuu, na aibu ya kupitwa na watu wa ng'ambo ya barabara haivumiliki. Kufika jioni, jengo lote lilikuwa limeanika taulo.

Asubuhi mwenye nyumba alifungua mlango, akakuta foleni. Wazee kwa vijana, mapacha wana miswaki mdomoni. Mbele kabisa Bibi Haloo, na kofia ya kuogea kichwani.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hajafa mtu, baba. Umeamkaje? Tumekuja kuoga. Pampu inapumzika, hatutaki kuisumbua."

Akataka kuurudisha mlango. Mkewe, aliyekuwa na lake moyoni siku nyingi, akaitikia kutoka ndani: "Karibuni jamani, karibuni!" Bibi aliingia wa kwanza, akaoga taratibu, akiimba beti zote za wimbo alizozijua na alizozitunga humo humo. Mwenye nyumba alikwenda kwenye shughuli zake bila kunawa uso. Kesho yake wakaja tena, wengine na nguo za kufua. Mchana wake pampu ikapona ghafla.

Kulipokuwa na shangwe ngazini, mkwe akatokea, kitabu cha Bibi mkononi kimefunuliwa.

"Mama, hawa watu wa ng'ambo mbona wanaoga huku theluji inaanguka?"

Mama Pacha akashika kiuno. "Yaani nimekwenda kuvua nguo kwa watu kwa sababu ya hadithi?"

"Umeoga, hukuoga?"

"Nimeoga."

"Bomba linatoa, halitoi?"

"Linatoa."

"Basi lisemwalo lipo, na kama halipo, laja."

Mama Pacha alijaribu kukasirika, kicheko kikamzidi nguvu. Akakipokonya kitabu, akasome mwenyewe walifanya nini tena hao watu.

Habari hazikukawia kumfikia mwenye nyumba. Mama Pacha alipokirudisha kitabu maktaba tu, kikaondoka na mtu mwingine. Mkutubi alikataa kusema nani, ila alikohoa kwa namna ya kutia shaka. Haikupita muda taa ya ngazini ikawaka. Bibi akacheka peke yake: msomaji amefika ukurasa ule wapangaji wanapombishia hodi mwenye nyumba usiku kuomba mshumaa. Paa lililovuja likazibwa: amefika kwenye masufuria ya kukingia mvua. Kila alichorekebisha, hakuna aliyekuwa amemwomba.

Mwishowe Bibi na mwenye nyumba walikutana maktaba, uso kwa uso, kitabu kwapani mwa bwana huyo.

"Shikamoo, bibi," akanong'ona. "Kimenikosesha usingizi. Nitafutie chepesi, kisicho na wapangaji."

"Marahaba, mwanangu."

Bibi alipitisha kidole kwenye rafu kwa huruma ya mama mzazi, akamtolea riwaya nene yenye ua jekundu kwenye jalada, ya wavuna chai waliomfanya bwana shamba abebe vikapu vyake mwenyewe.

"Hiki ni cha mapenzi," akamwambia.

Mkutubi akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.