Mwajabu Apiga Muheme Dodoma

Mwajabu binti Hasani alikuwa mjane wa makamo, mwenyeji wa Busi kwenye vilima vya Warangi, na mtu angemuuliza kazi yake angejibu kwamba yeye ni mkulima wa mtama na maharage, basi. Hakuwa mtu wa safari. Nje ya Busi alikuwa amelala kwa sababu ya misiba na harusi tu. Kwa hiyo aliposema mbele ya watu wa nyumbani kwamba anakwenda Dodoma, shemeji yake Mustapha aliacha kula.

"Dodoma ya kwenye reli?"

"Hiyo hiyo."

"Kuna nini huko?"

"Kuna ngoma za mavuno. Bwana shauri, yule Mjerumani mkuu wa huko, ameruhusu watu wote waje kucheza mbele ya boma. Hana ndiye atakayepiga ngoma kuu ya wanawake, na amemtuma Yahaya wa chumvi aje kuniita."

Mustapha alinawa mkono taratibu, kama mtu anayetafuta maneno ndani ya bakuli la maji. "Mjane haendi ngomani, shemeji. Watu watasema."

"Waseme," alijibu Mwajabu. "Nikirudi mtanisimulia walichosema."

Huyo Hana alikuwa Mgogo, na jina hilo alibatizwa nalo ukubwani, lakini nitalitumia toka mwanzo ili tusichanganyikiwe. Alifika Busi akiwa mtoto, mwaka wa njaa kubwa ya Ugogo, kabla Wajerumani hawajajenga boma lao Kondoa. Baba yake alipanda vilima akiwa amebaki mifupa mitupu, akapewa mtama na mzee Hasani, baba yake Mwajabu, naye akamwacha binti yake pale kwa mtama ule. Mambo hayo yalikuwapo siku hizo, wala watu hawakuyashangaa: mtoto angekula alikoachwa, na waliobaki nyumbani nao wangekula. Lakini mtoto mwenyewe hakuelezwa hivyo. Aliona mgongo wa baba yake ukishuka mteremko, akakaa chini, akanyamaza kwa muda mrefu hata wakadhani ni bubu.

Sauti yake ya kwanza ilitoka mikononi. Alikigeuza kinu cha mama yake Mwajabu, akakibana kwa mapaja, akaanza kukipiga kwa viganja. Kwao wanawake hupiga ngoma iitwayo muheme, ngoma yenye kiuno chembamba, na msichana hujifunza akiwa bado mdogo. Hana aliogopa kwamba ataisahau, na akiisahau hata akirudi kwao hatajulikana ni mtoto wa nani. Tatizo ni kwamba muheme haupigwi na mtu mmoja. Ngoma kuu huuliza, nyingine hujibu. Basi akamkalisha Mwajabu mbele yake na kibuyu kikavu, akamfundisha kujibu. Na Mwajabu alipojua kujibu, akamfundisha kuuliza, ili wapokezane. Mvua ziliponyesha vizuri, baba yake Hana alikuja na ng'ombe wa kulipia mtama ule, akamchukua. Wasichana wale walilia hadi wakavimba macho. Tangu hapo walikuwa wakipelekeana salamu kwa wafanyabiashara, wakaolewa, wakazaa, mmoja akafiwa na mume, na hawakuwahi kuonana tena.

Sasa Mwajabu alijifunga kaniki yake, akaweka unga na maharage ndani ya kikapu, akafuatana na Yahaya na punda wake. Njia ilikuwa ndefu na kavu. Walishuka vilima, wakakata mbuga, na walipofika visima vya Makutupora nyayo zake zilikuwa zimepasuka. Yahaya alimshauri apumzike pale na kuwasubiri wafanyabiashara wengine waliokuwa nyuma.

"Ngoma zitanisubiri mimi?" aliuliza Mwajabu. Akazifunga nyayo kwa vitambaa, wakaendelea.

Dodoma ilikuwa bado mbichi. Reli ilikuwa imefika miaka ya karibuni tu, na mji ulikuwa umeota kandokando yake: kituo cha mawe, maduka ya Wahindi ya mabati yaliyometa juani hadi yakaumiza macho, vibanda vya wapagazi, na bendera ya Kaizari juu ya boma. Mwajabu aliona gari la moshi kwa mara ya kwanza, akasimama kulitazama mpaka likapita lote. Kisha akauliza njia ya Kizota, alikokaa Hana na mumewe Yotham, ambaye kazi yake ilikuwa kukaza mataruma ya reli, yale mapande ya chuma yanayobeba njia.

Tembe lao lilikuwa pembeni ya njia, refu na la chini, lenye paa bapa la udongo. Mwanamke alikuwa amekaa mlangoni, anapepeta uwele kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa umefungwa vijiti na kuning'inizwa shingoni kwa kitambaa. Walitazamana. Nyuso zao zilikuwa zimebadilika, lakini Hana alimjua mwenzake kabla hajasalimiwa, akainuka, ungo ukamwagika.

Walipokwisha kulia na kucheka, na Mwajabu alipokwisha kunywa maji, aliuonyesha ule mkono. "Huu nao?"

"Niliteleza kisimani na mtungi. Mfupa wa kiwiko cha mkono umevunjika." Hana alitazama chini. "Nilitaka kumtuma mtu akuzuie, lakini mlikuwa tayari njiani. Nimekuita bure, mwenzangu. Wanawake wamekata tamaa. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza, na waliobaki wote wanajua kujibu tu."

"Hakuna mwingine kabisa?"

"Yupo Mama Sila, aliyewafundisha wengine wote hapa Kizota. Lakini magoti yake hayawezi tena kubana ngoma."

Mwajabu aliinama akaokota uwele uliomwagika. Kisha akasema, kama mtu anayejitolea kuteka maji, "Basi nitauliza mimi."

Hana alimtazama asijue acheke au asicheke. "Hujapiga tangu utotoni."

"Ninapiga kila nikiwa peke yangu shambani. Juu ya debe, juu ya jiwe, juu ya paja langu mwenyewe. Ulidhani nimeiacha?"

Kesho yake Hana alimpeleka kwa Mama Sila, bibi mrefu mwenye masikio yaliyotobolewa na kuning'inia mpaka mabegani. Wanawake wa ngoma walikuwa wamekusanyika uani kwake. Mwajabu alipiga goti. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye Mrangi?"

"Ndiye mimi."

"Hana ameniambia. Nimemjibu kwamba haiwezekani, na wewe nakujibu hivyo hivyo, usione ninakudharau. Watu wa kila upande watakuwapo pale bomani. Wagogo wakisimama, muheme wao uongozwe na mgeni aliyejifunza kwenye kibuyu? Watatucheka mpaka mvua zirudi."

Hana alitaka kusema, Mwajabu akamgusa. "Sawa, bibi. Basi niruhusu nijibu tu, nyuma kabisa. Mtakuwa pungufu ya mtu mmoja."

Mama Sila hakuona sababu ya kukataa hilo. Akampa ngoma ndogo. Mwajabu alikuwa hajawahi kuibana ngoma ya kweli, na mara ya kwanza ilimteleza ikaanguka, wanawake wakacheka. Akaiokota. Ikaanguka tena, akaiokota tena. Alijibu jua kutwa, bila kuomba kupumzika, na viganja vyake vikavimba, kisha vikachubuka. Jioni Hana alimpaka samli na kumwambia yatosha. Asubuhi Mwajabu alikuwa wa kwanza uani kwa Mama Sila, ameshawasha moto wa kukanza ngozi za ngoma ili zikaze.

Ikawa hivyo siku zilizofuata. Mwanamke mmoja, Lydia, ndiye aliyejaribu kuuliza. Alikuwa na mikono mizuri, lakini kila alipofika mahali ambapo ngoma kuu inapaswa kusita na kuwaacha wengine wakining'inia, yeye aliogopa kimya kile akakijaza. Wanaojibu wakaparaganyika. Mama Sila alikuwa akifumba macho kwa uchungu. Mara ya mwisho Lydia alipoparaganya, ngoma ndogo moja kule nyuma haikumfuata. Ilisita panapostahili, ikauliza yenyewe, na mikono ya wanawake wengine ikajibu kabla vichwa vyao havijafikiri.

Walipomaliza, wanawake wote waligeuka kutazama nyuma. Lydia aliitoa ngoma kuu mapajani, akaja nayo nyuma, akamkabidhi Mwajabu. "Chukua, dada. Mimi usingizi umenipotea kwa ajili ya kitu hiki."

Mama Sila alimtazama Mwajabu kwa muda. "Pale unaposita," alisema, "ni nani aliyekufundisha kusita namna hiyo?"

"Hana."

"Hana alifundishwa na nyanya yake. Nyanya yake alikuwa mwenzangu." Bibi akajifuta macho kwa ncha ya nguo. "Piga tena. Na usiinamishe kichwa, huombi radhi."

Siku ya ngoma uwanja wa boma ulijaa tangu asubuhi. Wanaume wa Kigogo walikuja na zeze na marimba zao, wakiimba na kurukaruka mpaka vumbi likafunika viuno. Wanyamwezi wa reli walicheza yao. Askari walijipanga mistari na tarumbeta na ngoma kubwa za kizungu, wakaenda mbele na kurudi nyuma, na Wajerumani barazani walipiga makofi. Mwajabu na wenzake walisubiri pembeni, ngoma zao zikiota moto. Walisubiri jua likapanda, likapinduka. Kila walipomuuliza akida aliyekuwa akipanga zamu, aliwaambia bado. Mwishowe bwana shauri aliinuka, akamtunuku ng'ombe kiongozi wa askari, akaingia ndani na wenzake. Watu wakaanza kutawanyika.

Mwajabu alimwendea akida. "Na sisi?"

"Shughuli imekwisha, mama. Nendeni nyumbani. Ngoma za wanawake mtapiga huko kwenu."

Wanawake walikuwa tayari wanazifunga ngoma. Lydia aliketi juu ya yake, amechoka. Hana alisimama na mkono wake wa vijiti, midomo imemkaza, akasema polepole, "Si kitu. Twendeni."

"Nimetoka Busi kwa miguu," alisema Mwajabu. Hakuwa akimwambia akida wala Hana. Alikuwa akijiambia mwenyewe. "Sirudi na kimya."

Akaenda katikati ya uwanja, mahali palipokuwa patupu, akaibana ngoma kuu, akauliza.

Akida aligeuka. Alimwambia aondoke, naye hakuondoka. Akauliza tena, akasita, na kile kimya kikasimama uwanjani kama mtu. Kwa kitambo Mwajabu alidhani ameachwa peke yake. Kisha nyuma yake ngoma moja ikajibu, halafu mbili, halafu zote, na wanawake wa Kizota wakaja wakimzunguka, wakishuka na kuinuka magotini, mabega yakitikisika. Vigelegele vya kwanza vilitoka kwa Mama Sila. Watu waliokuwa wameshafika relini walisimama, wakarudi. Wanawake waliokuja na mitungi waliiweka chini. Hata baadhi ya askari, tarumbeta zikiwa makwapani, walikuja kutazama. Akida alinyanyua fimbo yake, akatazama umati ulivyokuwa ukiongezeka pande zote, akaishusha.

Mwajabu hakuona mengi ya hayo. Aliona uso wa Hana tu, aliyekuwa amesimama mbele yake na kujipiga kifua kwa ule mkono mzima, akijibu.

Hawakupewa ng'ombe wala kitu chochote. Siku iliyofuata akida alimwita Yotham akamgombeza kwa sababu ya mke wake na mgeni wa mke wake. Yotham, mtu mpole ambaye hakuzoea kubishana na wakubwa, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, bwana," akarudi kwenye mataruma yake. Nyumbani alimwambia Mwajabu, "Shemeji, umeniletea makaripio. Lakini kazini wananiita mume wa muheme, na hilo silichukii."

Yahaya alipomaliza kuuza chumvi yake alipitia Kizota kumchukua mgeni wake. Alimkuta anatoka kisimani, mtungi kichwani.

"Tunaondoka kesho alfajiri," alimwambia.

"Nendeni salama. Mimi nabaki mpaka mkono wa Hana ufunguliwe. Hapa hakuna mwingine wa kuteka maji wala kutwanga."

"Nimwambie nini shemeji yako Mustapha?"

Mwajabu alifikiri, maji yakimdondokea begani. "Mwambie nimefika salama. Na mwambie mavuno yajayo ninakuja tena, ili asianze kushangaa upya."

Yahaya akacheka, akaahidi kufikisha. Mwajabu akaingia ndani, akautua mtungi. Hana alikuwa akihangaika kuwasha moto kwa mkono mmoja, moshi umemjaa machoni.

"Sogea," alisema Mwajabu, akapiga magoti kando yake, akaanza kupuliza.